Kanga: jua jike na dume kabla hujalipa

Kijana mmoja wa Kahama kanipigia simu: alinunua kanga sita mnadani, kawalisha karibu mwaka mzima, mvua zimekuja zimeisha, yai hata moja hakuna. Nikaenda, nikakaa nje ya banda kusikiliza. Wote madume.

Nasema kusikiliza kwa sababu rangi haisaidii. Madoa ni yale yale, kama kasuku wengi ambao dume na jike wanafanana kabisa. Kanga anajitaja kwa sauti. Jike hulia kwa mipigo miwili, wa pili ukipanda juu, anarudia-rudia. Dume hana mlio huo, yeye ni mpigo mmoja mmoja mfululizo. Ila jike akishtuka naye hulia mpigo mmoja! Kwa hiyo ukisikia miwili, huyo ni jike, hakuna ubishi. Ukisikia mmoja, usiamue, subiri watulie.

Mlio huo huanza kwenye wiki ya 8 hivi. Anayekuuzia vifaranga vya wiki 2 na kukuapia ni majike, anabahatisha.

Vile vinyama vinavyoning'inia kwenye mashavu, vya dume ni vikubwa zaidi. Linganisha ndege wa umri mmoja tu, la sivyo utadanganyika.

Ukienda Kahama au Katoro kununua mbegu, tafuta dume 1 kwa majike 4 au 5. Ukishamtambua jike, mfunge uzi mguuni hapo hapo, kabla muuzaji hajamrudisha tengani.