Nitoze kwa maneno ya lugha ipi?

Swali: Natafsiri kwa kujitegemea, Kiingereza kwenda Kiswahili. Mteja anataka kunilipa kwa idadi ya maneno ya tafsiri iliyokamilika. Nikubali?

Jibu: Usikubali, labda apandishe bei; toza kwa maneno ya matini asilia, yaani ya Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa mpigo, mambo ambayo Kiingereza huyatandaza kwa maneno matatu au manne. Ndiyo maana tafsiri yako kwa kawaida huwa na maneno machache kuliko matini asilia, na kadiri unavyoandika kwa ufasaha ndivyo ujira unavyopungua. Anayejaza “ya kwamba” kila mstari atalipwa kukushinda! Tena maneno ya matini asilia huhesabika kabla kazi haijaanza, hivyo ankara haizui ubishi. Mteja atasema analipia anachopokea. Hoja hiyo ina uzito, ila anachopokea ni maana yote ya waraka wake, bila kupungua hata chembe. Tofauti ni nyaraka zilizopigwa picha: cheti cha kuzaliwa chenye mihuri na mwandiko wa mkono kina maneno machache lakini hula muda. Hizo zitoze kwa ukurasa, mkubaliane kwa maandishi kabla hujagusa kazi.