UTI Ithibitishwe Kwanza: Mafunzo Niliyopata

Kwa muda mrefu UTI ilikuwa haiishi mwilini mwangu, au ndivyo nilivyokuwa naambiwa. Nikipata homa, nikiumwa kiuno, nikihisi mkojo unachoma, majibu ya zahanati yalikuwa yale yale: "Una malaria na UTI." Napewa vidonge, napata nafuu, halafu mambo yanaanza upya. Nilipopewa rufaa ndipo nilipokutana na daktari aliyekataa kuniandikia dawa nyingine kabla hajajua ninaumwa nini hasa. Tangu hapo nimesoma na nimeuliza mengi kuhusu ugonjwa huu. Natamani haya yamfikie kila dada na kila mama kabla hajameza kidonge.

1. Homa peke yake haitoshi kuitwa UTI

Kuna utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014. Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa makini kujua nini hasa kinawaumiza. Waliokutwa na UTI hawakufika 6 katika kila 100. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Utafiti ule ulihusu watoto, lakini unatukumbusha watu wazima pia kwamba homa ina vyanzo vingi.

UTI ya kibofu ina dalili zake: mkojo kuchoma wakati wa kutoka, kubanwa kila mara lakini mkojo ukatoka kidogo, maumivu chini ya kitovu, na pengine mkojo wenye ukungu au damu. Mara nyingi haiji na homa kali. Ukiona homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya mgongo au ubavu, yaelekea maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Muwasho na uchafu unaotoka ukeni mara nyingi ni habari nyingine kabisa: huenda ni fangasi, au ugonjwa wa zinaa kama kisonono na klamidia. Mwanamke anaweza kumeza dawa za UTI mwezi baada ya mwezi, kumbe ugonjwa alionao haujaguswa.

2. Kipimo kizuri huanzia chooni

Zamani nilikuwa napewa kikopo tu na kuelekezwa mlango wa choo. Kule rufaa, mtaalamu wa maabara aliniita pembeni akaniambia, "Dada, nataka mkojo wa katikati." Akaeleza: nawa mikono, safisha sehemu za siri kwa maji, panua mashavu ya uke, acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha kinga unaofuata kabla haujaisha. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko.

Sababu yake ni kwamba ngozi ina bakteria wake. Wakiingia kwenye kikopo, maabara itaona vimelea ambavyo havitoki kwenye kibofu. Tena mkojo ukikaa kwenye joto letu, bakteria wachache huzaana wakawa wengi. Ndiyo maana unatakiwa kufika maabara ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye jokofu.

Nilijifunza pia kuuliza majibu yamesomwaje. Chembe chache za usaha kwenye karatasi hazithibitishi UTI. Kijiti cha kuchovya kikionyesha nitriti kwa mtu mwenye dalili, huo ni ushahidi mzuri, ingawa si bakteria wote wanaotengeneza nitriti.

3. UTI inayorudi inahitaji mkojo kuoteshwa

Mwanamke asiye mjamzito, mwenye dalili za wazi, anaweza kutibiwa bila kusubiri kipimo cha kuotesha mkojo. Lakini ukiugua mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu kwa mwaka, au dawa zikishindwa, omba mkojo uoteshwe. Vivyo hivyo kwa mjamzito, mtoto mdogo, mwanaume, au mtu mwenye dalili za figo.

Mkojo huwekwa kwenye sahani maalumu, bakteria wakaachwa waote, kisha hujaribiwa dawa mbalimbali kuona ipi inawaua. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Mkojo utolewe kabla hujaanza antibayotiki, la sivyo bakteria wanaweza wasiote.

Majibu yangu yalitaja Escherichia coli, bakteria wa utumbo wanaosababisha UTI nyingi kuliko wengine wote. Walikuwa sugu kwa dawa ile ile niliyokuwa nikipewa kila mara. Tulikuwa tunatupa jiwe gizani.

4. Dawa mpya au kali zaidi si lazima iwe bora

Nilipona kwa naitrofurantoini, dawa inayotumika tangu miaka ya 1950. Hujikusanya zaidi kwenye mkojo, kwa hiyo inafaa kibofu lakini haitibu maambukizi ya figo. Haifai kwa mwenye figo dhaifu sana wala kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, ndiyo maana lazima daktari aichague yeye.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianza kupanga antibayotiki kwa makundi. Naitrofurantoini iko kwenye kundi la kutumiwa kwanza. Siprofloksasini, ambayo mtaani tunaiita sipro, iko kwenye kundi la kuchungwa. Hata hivyo sipro huombwa kwa jina kwenye duka la dawa muhimu kama mtu anavyoomba dawa ya kichwa. Kila tunapoimeza bila sababu, tunawafundisha bakteria kuizoea, na siku figo zikishambuliwa tunaweza kuikosa.

Ukiandikiwa dozi, imalize kama ulivyoelekezwa. Usimgawie jirani, usiweke akiba.

5. Choo hakina hatia kubwa tunayokibebesha

Wengi tunaamini UTI huokotwa kwenye choo cha umma. Ukweli ni kwamba bakteria wengi wa UTI hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanaume karibu 20. Kwetu bakteria wana njia fupi mno kufika kibofuni.

Imani hii ina madhara. Wasichana shuleni na akina mama safarini huacha kunywa maji na hubana mkojo kutwa nzima wakiogopa choo. Kibofu kisichosafishwa na mkojo ndicho kinachowapa bakteria nafasi.

6. Kinga ni mambo madogo ya kila siku

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 140 wa Bulgaria waliokuwa wakiugua UTI mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa siku. Baada ya mwaka, waliugua karibu nusu ya walivyougua wenzao.

Kwa hiyo nakunywa maji, sibani mkojo, na nakojoa baada ya tendo la ndoa. Ninapochamba naanzia mbele kwenda nyuma. Siingizi sabuni wala manukato ukeni, kwa sababu huua bakteria wazuri wanaotulinda. Wanaotumia dawa za kuua mbegu za kiume wazungumze na mtoa huduma wa uzazi wa mpango, kwani huongeza hatari. Mama aliyekoma hedhi anaweza kusaidiwa na krimu ya estrojeni ya ukeni.

7. Wapo wasiopaswa kusubiri

Mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote, na asipotibiwa figo zinaweza kuathirika na mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Kipimo cha mkojo kliniki asikikwepe. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, bakteria bila dalili kwa kawaida hawahitaji dawa.

Mwanaume mwenye dalili achunguzwe tezi dume. Mwenye kisukari asijitibu nyumbani. Na anayekojoa damu, hasa aliyekulia Kanda ya Ziwa, pwani, Unguja au Pemba, apimwe kichocho. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, antibayotiki haikigusi.

8. Kuuliza ni sehemu ya matibabu

Siku hizi nikipewa karatasi ya dawa, naketi na kusema: "Shikamoo daktari. Kipimo kimeonyesha nini? Dawa hii ni ya mdudu gani? Nikiona haisaidii, nirudi lini?" Sijakutana na daktari makini aliyechukizwa na maswali haya. Yaulize kabla hujaondoka, kwa sababu mwili unaotibiwa ni wako.