Chungu cha Chuma Chenye Ngozi ya Kioo

Watu wa Karagwe walikijua chuma tangu kale. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, alikuta huko ng'ombe wadogo waliofanyizwa kwa chuma. Lakini kiko chuma cha namna nyingine, chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Mafundi hufanya chungu kwa chuma hicho, wakakipaka unga wa kioo, kisha wakakitia tanuruni hata kioo kikashikamana nacho. Ngozi hiyo huitwa enameli. Kiwanda kimoja chenye sifa kilianza Fresnoy-le-Grand, Ufaransa, mwaka 1925. Bei ya chungu kimoja yaweza kununua sufuria nyingi za alumini.

Je, mama wa Kanoni aliyeuza kahawa yake akinunue? Na atazame kwanza apikacho. Maharage yataka moto wa polepole, na chuma kizito hushika joto. Kuni zikififia, chungu huendelea kutokota kitambo. Bali ndizi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba huiva vema hata katika sufuria nyepesi.

Enameli nayo ina kazi yake. Nyanya na ndimu hula chuma kitupu, chakula kikaharibika ladha. Kioo huzuia hayo, tena huzuia kutu. Lakini (na wauzaji hawapendi kulisema) chuma kitupu hutoa chembe ndogo zinazoingia katika chakula, nazo hufaa kwa damu ya mlaji. Kioo huzizuia hizo pia.

Tena kioo ni kioo. Kila mwenye kikombe cha bati chenye enameli amekwisha kuona: kikianguka, hubanduka kipande, na pale pale kutu huanza. Chungu hiki kikimwagiwa maji baridi kingali moto sana, ngozi yake yaweza kupasuka. Kikianguka juu ya jiwe, hata chuma chaweza kuvunjika, kwa maana chuma cha kusubu hakipindiki. Na cha lita 5 chaweza kuwa na uzito wa kilo 5 kabla ya kutiwa chakula. Mtoto asitumwe kukiepua mafigani.

Kwa mafiga ya Kanoni, chungu cha chuma kitupu chafaa zaidi. Kikikaushwa na kupakwa mafuta kila kinapooshwa, hushika joto lile lile kwa fedha chache, na salio hununua jembe.