Kaka, heliamu na asili ya mafuta

*Nasoma kidato cha sita hapa Katesh. Kaka yangu anashikilia kwamba petroli haitokani na mabaki ya viumbe, bali hupanda kutoka vilindini. Hoja yake: heliamu hutoka chini sana, na heliamu hukutwa pamoja na mafuta na gesi, basi vyote asili yake ni moja. Anatolea mfano heliamu ya Ziwa Balangida. Nimjibuje?*

Hoja hiyo si ya kijiweni. Thomas Gold, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliitetea miaka mingi. Kwa hiyo usijibu kwamba "wanasayansi wengi wanaikataa". Utakuwa umehesabu watu tu.

Shika kiungo chake. Heliamu huzaliwa urani na thoriamu zinapovunjika ndani ya miamba mikongwe, na miamba ya Tanzania ya kati ina zaidi ya miaka bilioni 2. Joto la volkano huifungua, ikapanda kwenye nyufa hadi izuiwe na tabaka lisilopitisha gesi. Tabaka hilohilo huzuia pia gesi iliyozaliwa kwenye matope ya ziwa. Abiria wawili ukiwakuta stendi ya Babati, si lazima wawe wametoka kijiji kimoja.

Kisha mgeuzie mfano wake mwenyewe. Gold alidai mafuta na gesi yake ndivyo vinavyoibeba heliamu kuja juu. Lakini gesi yenye heliamu inayobubujika kwenye chemchemi za Bonde la Ufa nchini, kama kule Rukwa, kwa sehemu kubwa ni naitrojeni. Mbebaji yuko wapi? Hapo ndipo pa kukazia.

Akikimbilia volkano ya Hanang kama njia ya mafuta kutoka vilindini, mpeleke Ziwa Albert: Uganda ilipata mafuta mwaka 2006 katika bonde lisilo na volkano, lenye matope mazito ya ziwa. Hata Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) wanatafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, kwenye mashapo, hawajapanda Hanang. Tena, miaka ya 1930 Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta molekuli za ukoo wa klorofili. Gold angesema hayo ni mabaki ya vijidudu vya chini vinavyokula mafuta, kwa hiyo usiutegemee ushahidi huo peke yake.

Ila usijisifu kwamba umethibitisha upande wako. Umedhoofisha wake tu. Methani isiyotokana na viumbe ipo kweli. Akiitaja, mkubalie, kisha mwombe aonyeshe kisima kinachouza mafuta ya namna hiyo.