Kumpima Mwanafunzi kwa Haki

Somo letu la leo lawahusu waalimu, wa skuli na wa chuo.

Hapa Kisii, kama Kenya nzima, tangu mwaka 1985 hata 2023 mtoto aliyemaliza masomo ya msingi alipimwa kwa mtihani wa KCPE. Kwa mazoea yale waalimu wengi walikuwa wakiwapanga watoto kwa nambari hata darasani, na mzazi akiletewa karatasi haulizi mwanawe amejua nini, huuliza, "Amekuwa wa ngapi?"

Natuitazame nambari hiyo. Mtoto aliyekuwa wa thelathini katika arubaini ameambiwa nini? Hakuambiwa kwamba kujumlisha ajua na kugawanya hajui. Ameambiwa tu kuwa ishirini na tisa wamempita. Na lau hao wangehama skuli, angekuwa wa kwanza bila ya kuzidi hata herufi moja! Fundi wa mawe wa Tabaka hamwambii kijana wake, "Wewe ni wa saba." Humwonyesha mahali patasi ilipokosea.

Maulamaa wetu wa zamani walipima kwa njia nyingine. Mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya shekhe wake, na akikifahamu hupewa ijaza ya kitabu kile, asiyekifahamu hurejea. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alitaka somo lipitiwe mara tatu, kila mara kwa kina zaidi, na akaonya kuwa ukali wa mwalimu humzoeza mtoto uwongo na hila.

Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini tangu 2019, umeleta daraja nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali nayo. Ni hatua njema. Lakini mwalimu akiandika "amekaribia" kisha akanyamaza, neno hilo lina tofauti gani na nambari? Amekaribia nini? Chuoni mtoto wa Kigusii aghalabu huitamka shin kama sin, kwa kuwa ulimi wake umezoea lugha ya mamaye. Ukimpa nne katika kumi, hatajua kosa liko wapi. Muandikie: "Shin bado, arejee kesho."

Wapo watakaosema kwamba bila ya kushindana mtoto hulegea. Huenda wale watatu wa mbele wakalegea. Wale wa nyuma walikwisha kukata tamaa zamani.

Najua darasa la watoto sitini ni mzigo. Basi mwalimu asiandike wote kwa siku moja. Achague watano kila siku, na katika siku kumi na mbili za masomo atakuwa amewapitia wote.