Dondoo muhimu: Zahanati inayorudiwa na wagonjwa

Ukifungua zahanati binafsi, anza kurekebisha dirisha la dawa, maana kazi nzuri ya daktari mara nyingi huharibikia hapo. Mtu mzima mwenye malaria isiyo kali, akiandikiwa dawa mseto, humeza vidonge 4 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3, na ya pili hufuata masaa 8 baada ya ya kwanza. "Nne kutwa mara mbili" haimtoshi. Mwandikie saa kwenye bahasha: leo saa 6 mchana na saa 2 usiku, kesho na keshokutwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, awe amekula. Kisha muulize: "Mama, ukifika nyumbani utazimezaje?" Akikosea, mweleze upya bila kumkaripia.

Chumba cha daktari kiwe na mlango unaofungwa. Nani atataja ugonjwa wa zinaa huku foleni nzima inasikia? Mwache amalize kusema kabla hujaandika.

Bei za vipimo zibandikwe ukutani, na mwenye bima aambiwe mapema asicholipiwa. Mtoto aliyekuja na homa kali, mpigie mzazi wake simu kesho yake.