Darasa dogo kwanza: namna ya kuanzisha mafunzo juu ya kolera Mulongo



Kila kapita wa mgodi wa chini anajua sheria hii. Baruti ikiisha kulipuka na moshi ukitoka, kikosi chote hakiingii mara moja. Kwanza wanaingia wachache wenye ujuzi. Wanagonga mwamba wa juu kwa mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima unalia kama chuma. Mwamba uliolegea unatoa sauti ya mtungi mtupu. Jiwe bovu linaangushwa kwanza, ndipo wengine wanaingia kufanya kazi.

Mafunzo ya afya nayo yanataka sheria hiyo. Anayewaita watu mia tatu siku ya kwanza, kabla ya kujaribu somo lake kwa watu ishirini, anawaingiza watu wote chini ya mwamba ambao haujagongwa. Leo tutasoma namna ya kuanzisha darasa la majaribio katika chuo cha jamii, yaani mahali ambapo watu wazima wanajifunza mambo ya maisha yao bila kuulizwa diploma. Mfano wetu utakuwa Mulongo, na somo letu litakuwa kolera.

Kwa nini Mulongo?

Wafanyakazi wengi wa migodi ya Katanga wana asili yao kando ya Lualaba. Tangu zamani vijana wa huko wamefika kazini Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, na wazazi wao wamebaki mtoni. Unapokwenda likizo, unashuka kwenye gari-moshi Bukama, unaingia mashua, unapita maziwa ya Upemba na Kisale, unafuata mto mpaka Malemba-Nkulu na Mulongo. Njia hiyo inapitisha samaki, unga na jamaa zetu. Kolera nayo inapita njia hiyohiyo. Eneo la maziwa na mto la Haut-Lomami ni kati ya sehemu za Kongo ambako ugonjwa huu umerudi mara kwa mara kwa miaka mingi.

Kolera haina subira. Mtu anaanza kuhara maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, anatapika, macho yanaingia ndani, mkojo unakauka. Asiposaidiwa anaweza kufa kwa saa chache. Lakini akipata maji na chumvi mapema, na akifikishwa mahali pa kutunzwa bila kukawia, karibu wote wanapona: hafi hata 1 kati ya 100. Basi, kati ya kufa na kupona mara nyingi ni jambo moja tu: je, watu wa nyumbani walijua la kufanya katika saa ya kwanza? Hii ndiyo kazi ya darasa.

Jirani zetu walifanya nini?

Tuvuke Ziwa Tanganyika, tuangalie Tanzania. Mwaka 1968 serikali yao, pamoja na UNESCO, ilianza mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima. Haukuanza katika nchi nzima. Ulianza katika mikoa minne ya upande wa Ziwa Victoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo unaitwa Kagera. Watu walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Baada ya majaribio hayo, vitabu na njia zake vilitumika katika mikoa mingine.

Kwa upande wa redio walikwenda hatua kwa hatua vilevile. Mwaka 1969 walijaribu vikundi vya kusikiliza redio na kuzungumza pamoja. Mwaka 1971 wakafanya tena, na walioshiriki walikuwa kama 20,000. Ndipo mwaka 1973 wakaanzisha kampeni kubwa ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakazungumza juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Kila somo lilidai tendo: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza, ngazi kwa ngazi, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1975 nchi hiyo ikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vyuo vya jamii hasa, na leo viko zaidi ya 50.

Angalia mpangilio wao: mikoa minne kabla ya nchi, watu 20,000 kabla ya milioni 2. Ile kampeni kubwa ilisimama juu ya majaribio madogo.

Sasa tuje kwetu. Hizi ndizo hatua sita.

1. Chagua jambo moja

Usifundishe kolera, malaria, lishe na huduma ya vidonda kwa mara moja. Mwanafunzi atatoka na maneno mengi na tendo hata moja hatalishika. Kwa darasa la kwanza, matendo manne yanatosha: kunawa mikono kwa sabuni, kusafisha maji ya kunywa, kutumia choo, na kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mgonjwa.

2. Hesabu kabla ya kufundisha

Tembelea nyumba 20 kwa adabu, ukiwa na kibali cha chifu na cha mganga wa dispensari. Usiulize tu, tazama pia. Je, choo kipo, na kinatumika? Je, sabuni iko karibu na choo? Je, chombo cha maji kina kifuniko? Je, mama anaweza kuonyesha namna ya kutengeneza maji ya mgonjwa? Andika katika daftari. Asiyehesabu mwanzoni hawezi kujua mwishoni kama alifundisha au alipiga kelele tu.

3. Chukua watu wachache wanaofaa

Watu 20 wanatosha. Usiwaite wakubwa peke yao. Waite wanaoteka maji, wanaopika sokoni, wavuvi wanaolala kambini kando ya maji, wapiga kasia wanaosafirisha wageni. Hao ndio wanaokutana na kolera mbele. Tena uliza saa yao. Darasa la asubuhi linamkosa mama aliye shambani. Darasa la usiku linamkosa mvuvi aliyekwenda kutega nyavu. Na siku ya soko usifundishe.

4. Fundisha kwa mikono

Wewe uliyefundishwa usalama kazini unaijua njia hii. Kwanza mwalimu anafanya, wote wanatazama. Pili wanafanya pamoja naye. Tatu mwanafunzi anafanya peke yake na mwalimu ananyamaza. Nne mwanafunzi anamfundisha mwenzake. Ile hatua ya nne usiiache, maana anayeweza kumfundisha jirani ndiye aliyeelewa.

Chukua mfano wa maji ya mgonjwa. Kipimo ni hiki: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kwa mdomo ni rahisi. Lakini waambie wanafunzi wakufanyie kwa vyombo vya nyumbani kwao, na utaona. Mmoja ataleta chupa kubwa ya bia akidhani ni lita 1, kumbe haifiki. Maji yakipungua, chumvi inazidi, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mwingine ataleta kijiko cha mezani. Wa tatu atajaza kijiko mpaka kilundike. Makosa haya yakionekana mbele ya watu 20, mnayarekebisha kwa kicheko. Yakifundishwa kwa watu 300, yanaingia katika nyumba 300 na hakuna wa kuyafuata. Basi tafuteni pamoja chombo cha lita 1 ambacho kila nyumba inacho, mkitie alama, na somo lifuate chombo hicho.

Pakiti za dawa ya maji za dispensari zikipatikana, tumia hizo kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Mgonjwa anywe kidogo kidogo na mara nyingi. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Na usingoje: safari ya kwenda hospitali ianze palepale, maji yakinywewa njiani. Maji haya hayachukui nafasi ya hospitali. Yanamfikisha mgonjwa akiwa hai.

5. Hesabu tena, mara mbili

Darasa likiisha, rudi katika nyumba za wanafunzi wako, ukatazame mambo yaleyale uliyoyaandika. Halafu rudi tena baada ya miezi mitatu, hasa mvua zikianza. Karatasi ya kuhudhuria si ushahidi. Ushahidi ni sabuni iliyolowa, choo chenye njia iliyokanyagwa, na chombo chenye kifuniko.

Ukikuta jambo halikufanyika, usimgombeze mtu. Uliza sababu. Pengine sabuni ni ghali, na dawa ni kununua kipande kimoja pamoja na majirani. Pengine choo hakikuchimbwa kwa kuwa maji ya mto yanapanda na shimo linajaa. Hapo shauri la fundi linahitajika, na choo kijengwe mahali pa juu, mbali na kisima, meta 30 au zaidi. Pengine kuni za kuchemshia maji ni shida, na klorini inafaa zaidi. Sababu hizi ndizo mali ya majaribio. Hakuna kitabu kinachoweza kukupa hizo za Mulongo. Watu wa Mulongo peke yao wanazijua.

6. Rekebisha, kisha panua

Andika upya somo lako pale lilipolegea. Katika wale 20, chagua watano waliofanya vizuri, si waliosema vizuri. Wape kila mmoja kikundi chake cha watu 10, nawe uhudhurie masomo yao ya kwanza. Fahamu hatari hii: somo likipita toka mdomo hadi mdomo, linapungua kama maji katika bidoni iliyotoboka. Kwa hiyo matendo yawe machache, kipimo kiwe kilekile, na kila mwalimu mpya aonyeshe kwa mikono mbele yako kabla ya kupewa darasa. Na majaribio yakikuonyesha kwamba njia yako haifai, iache bila haya. Kuliacha darasa la watu 20 si hasara. Hasara ni kuliendeleza baya kwa wilaya nzima.

Wewe una kazi gani?

Pengine unasema: Mimi niko mgodini, Mulongo ni mbali. Lakini mwezi wa likizo unatosha kwa darasa la kwanza. Kijijini wanakusikiliza kwa kuwa umetoka kazini na umefundishwa. Nenda kwa mganga wa dispensari kwanza, yeye ndiye mwenye dawa na hesabu ya wagonjwa. Nenda kwa mwalimu wa shule akupe chumba saa za jioni. Chukua sabuni, daftari, na chombo cha lita 1. Mama nawe, uliyejifunza katika nyumba za mafunzo za kambi, usikae nyuma: maji ya nyumba yako mikononi mwako, na mwanamke mwenzako atakuamini kuliko mwenye koti jeupe.

Maulizo ya kujipima

Soma haya jioni pamoja na watu wa nyumba yako:

1. Kipimo cha maji ya mgonjwa ni kipi, na nyumbani kwetu chombo cha lita 1 ni kipi?
2. Kwa nini tunahesabu kabla ya kufundisha?
3. Taja dalili tatu za kolera. Ukiziona saa nane za usiku, utafanya nini kwanza, na nani atakwenda kuita mashua?

Asiyejibu lile la tatu bila kufikiri, alirudie kesho.